Kamba ya Vitambaa Tisa

Sikia hii, na usipoiamini sikulaumu: kipande cha kitambaa, kidogo kama kiganja cha mtoto, kiliwahi kuudanganya mtaa mzima mchana kweupe. Na aliyekitundika kitambaa hicho ndiye huyo huyo aliyepigiwa makofi jioni yake. Unacheka? Subiri kwanza.

Likizo ilikuwa imeanza, na Sindano alikuwa anaamka kabla jua halijapata makali. Jina la Sindano alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu mbili: mwili mwembamba na ulimi unaochoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Akishapiga mswaki anafagia chumba, anachota ndoo mbili za maji, anamsaidia mama yake kubeba cherehani mpaka barazani. Hapo saa inakuwa imefika moja na nusu tu, na tayari shati limeganda mgongoni.

Joto la miezi ile, acha! Mabati ya paa yalikuwa yanalia ta! ta! ta! kama mtu anayarushia mawe. Ukivua ndala zako juani ukachelewa kidogo, ukirudi unarukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa.

Walikaa kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi, na ndani yake mlikuwa na watoto tisa. Shule zikifungwa, wazazi walikuwa na njia mbili tu. Wengine waliwaacha watoto wazurure, nao wakienda barabarani kufukuzana na malori. Wengine walitumia kufuli. Kufuli nje, mtoto ndani, bati juu. Jioni mlango ukifunguliwa, mtoto anatoka amelowa chapachapa kama aliyenyeshewa, macho mekundu, kichwa kinamgonga.

"Mama, hivi sisi ni watoto au mikate?" Sindano aliuliza siku ya kwanza ya likizo. "Mbona tunaokwa?"

Mama yake akacheka mpaka uzi ukakatika. Lakini Sindano hakuwa anatania. Alikuwa ameshaona mahali.

Jirani na nyumba yao palikuwa na gereji ya Mama Spana. Huyu mama alikuwa fundi wa magari, mikono minene kama ya mcheza ngumi, na sauti ambayo ukiisikia unadhani hata injini mbovu itawaka yenyewe kwa woga. Pembeni ya gereji alikuwa na banda refu la kupulizia magari rangi. Paa lake lilikuwa juu sana, kuta zake nusu, upepo unapita kama uko kwao. Mpuliza rangi alikuwa amehama, na banda limekaa bure.

Sindano alimfuata huko huko chini ya gari alikolala. Zilionekana buti tu.

"Shikamoo, Mama Spana."

"Marahaba. Nipe spana namba kumi na nne hapo. Hiyo siyo! Hiyo ni kumi na saba. Haya, sema shida yako."

Sindano akaomba banda lile liwe la watoto likizo nzima. Kisha Mama Spana akatoka, uso umejaa oili, akamtazama kama anayesikiliza mlio wa injini.

"Banda chukueni. Magari yote nitayafunga, funguo mfukoni mwangu. Unaiona ile rimu ya gurudumu inayoning'inia? Hiyo si ngoma. Itagongwa kukiwa na hatari tu. Siku mtakayoigonga kwa mchezo, ndiyo siku nitakayofunga banda."

Ikabaki kazi ya kuwashawishi wazazi. Jioni wakakutana uani, na aliyekuwa mgumu zaidi alikuwa Muuguzi, mama wa Kifungo. Muuguzi alifanya kazi zahanati, mara nyingi zamu ya usiku, na Kifungo alikuwa mwanawe wa pekee, miaka minne, mviringo na mtelezi kama kifungo cha koti.

"Wangu atakaa ndani," alisema Muuguzi. "Mnaniona mkali, sawa. Lakini binti wa miaka kumi na miwili anasahau. Kufuli halisahau."

Sindano akatoa mfukoni vipande tisa vya vitambaa, mabaki ya cherehani ya mama yake. Kimoja cha maua, kimoja cha mistari, kimoja kaki, kila kimoja tofauti na mwenzake. Kifungo alipewa chekundu chenye madoa meupe.

"Nitafunga kamba bandani, chini chini, hata Kifungo aifikie," akaeleza. "Ukiingia, unatundika chako kwa kibanio. Ukitoka, hata kama unakwenda chooni tu, unakichukua unakifunga mkononi. Kamba ikiwa na vitambaa tisa, tuko tisa. Kikikosekana kimoja, kuna mtu hayupo. Na ni marufuku kugusa kitambaa cha mwenzio. Hata kimeanguka, hukigusi! Unaita jina kwanza."

Wazazi wakatazamana. Mama Sindano akatamka, "Tumpe siku saba. Kila mchana nitapita kuangalia. Kamba ikiwa kamili, naweka alama ya chaki ukutani. Alama saba, banda ni lao likizo nzima."

"Na moja ikikosekana?" akauliza Muuguzi.

"Tunarudi kwenye kufuli," akajibu Sindano mwenyewe, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Basi, nakuambia, siku sita zilikwenda kama maji ya bomba! Watoto hawakukaa bure. Mama Sindano aliwapa gunia zima la mabaki ya vitambaa, wakaamua kushona pazia kubwa la kuzuia jua la jioni, maana upande mmoja wa banda jua lilikuwa linaingia bila hodi. Wakubwa walishona, wa kati walipanga rangi, na Kifungo akapewa cheo cha mkusanya vifungo. Kila baada ya saa moja walikunywa maji, vikombe tisa vya plastiki vimepangwa juu ya ubao. Jua likiwa utosini, hakuna kukimbia; ni hadithi, vitendawili, na kesi za nani amekalia sindano ya nani.

Mvulana mmoja wa miaka kumi na mitatu, waliyemwita Mkurugenzi kwa sababu alipenda kuamrisha kuliko kufanya, alikuwa kila siku anamchokoza.

"Sindano bwana, utatuandikisha mpaka kupumua!"

"Wewe pumua tu, Mkurugenzi. Ila ukitoka, chukua kitambaa."

Siku ya saba ikafika. Ukutani alama sita. Pazia limebakiza mshono mmoja, na Sindano alitaka mama yake akija alikute limeshapandishwa. Alishona huku jasho linamwingia machoni. Saa tano na nusu akainua kichwa kuangalia kamba.

Nane.

Akahesabu tena. Nane. Chini ya kamba, vumbini, kitambaa chekundu chenye madoa meupe.

"Kimeanguka," akajiambia. "Kifungo nimemsikia akicheka sasa hivi." Lakini sasa hivi ilikuwa lini? Alijua sheria. Aliitunga yeye. Unaita jina kwanza. Ila ukiita jina unasimamisha kazi, kila mtu anasimama, na mama naye huyo anakuja, sauti ya ndala zake inasikika pale kona. Atamkuta binti yake anatafuta mtoto siku ya saba? Ya saba!

Sindano akainama, akakiokota, akakipangusa vumbi, akakitundika.

Mama yake akaingia. "Wote wapo?"

"Kamba hiyo hapo, mama," alijibu Sindano bila kumtazama. "Hesabu mwenyewe."

Mama akahesabu. "Tisa!" Akachukua chaki, akachora alama ya saba, ndefu kuliko zote. Watoto wakapiga kelele, Mkurugenzi akacheza mpaka akajikwaa. Mama akarudi barazani kwake anaimba.

Sindano naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno. Alishona mshono wa mwisho, pazia likapandishwa, likavimba kwa upepo kama shavu. Muda wa maji ukawa umefika. Mkurugenzi akamimina, vikombe tisa. Mikono ikanyooshwa, vikombe vikaondoka kimoja kimoja.

Kikombe kimoja kikabaki juu ya ubao. Kimejaa.

"Nani hajanywa?" Sindano akauliza.

Kila mmoja akainua kikombe chake kitupu.

"Kifungo! Kifungooo!"

Akatazama nyuma ya pazia. Akatazama ndani ya gunia.

"Yupo, bwana," alisema Mkurugenzi. "Kamba inasema yupo."

"Kamba inadanganya," Sindano akanong'ona. "Kitambaa chake nimekitundika mimi."

Mkurugenzi alimtolea macho, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Tumtafute wenyewe, kimya kimya. Tutampata. Ukigonga rimu, wanakuja wote, alama ya saba inafutwa, na kesho tuko kwenye kufuli. Mimi chumba chetu hakina hata dirisha, Sindano. Nakuomba."

Wadogo wote walikuwa wanamwangalia. Kikombe kile kilikuwa kinamwangalia. Nje, jua lilikuwa linapiga uwanja wa gereji mpaka hewa inatetemeka juu ya mabati. Sindano aliitazama alama ya saba, ndefu, nyeupe, nzuri kweli kweli.

Kisha akaokota kipande cha chuma akakimbilia rimu.

Ngaaa! Ngaaa! Ngaaa! Akaigonga mpaka mikono ikafa ganzi. Mama yake akaja mbio na utepe wa kupimia shingoni. Mama Spana akatokea chini ya lori. Muuguzi, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akaja peku, nywele zimesimama.

Na hapa ndipo ulimi wa Sindano ungeweza kusema neno lolote. Ungeweza kusema, "Alikuwepo sasa hivi."

"Kifungo hayupo," alisema, na sauti yake ilikuwa inapasuka. "Hajatoka sasa hivi. Saa tano na nusu nilikuta kitambaa chake chini, nikakitundika mwenyewe. Mama, nilikudanganya. Ni robo saa sasa, labda zaidi."

Mama yake akashika mdomo. Lakini Mama Spana alisimama kama mtu aliyepigwa shoti ya umeme.

"Saa tano na nusu?" akauliza. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ndiyo saa niliyopokea gari jeupe. Nikaenda kutafuta bisibisi. Mara moja tu, nikasema..." Hakumaliza. Alishaanza kukimbia.

Lile gari jeupe lilikuwa limeletwa kwa sababu moja: milango yake ikishafungwa, haifunguki kwa ndani. Vioo vilikuwa juu. Mama Spana akavuta mlango, na joto lililotoka mle ndani lilikuwa kama la tanuri. Kwenye kiti cha dereva, ameuegemea usukani, alikuwa Kifungo. Shati limelowa, mashavu mekundu, macho nusu yamefumba nusu wazi. Aliita "mama" kwa sauti ndogo kama ya mbu.

Muuguzi alimbeba, na papo hapo akaacha kuwa mama anayelia, akawa muuguzi. "Bandani, upesi! Mvueni shati. Maji! Nataka kitambaa kikubwa, kilowe!"

Kitambaa kikubwa? Watoto wakatazamana. Sindano hakumngoja mtu. Alirukia lile pazia, kazi ya siku saba, akalivuta kwa nguvu zote, kraaa!, likashuka na misumari yake. Yeye na Mkurugenzi wakalididimiza kwenye pipa la maji, wakalileta linachuruzika. Muuguzi akamfunika nalo mtoto kifuani na miguuni.

"Pepeeni!" akaamuru. Watoto wanane wakashika maboksi, mifuniko, madaftari, wakapepea kama wanaowasha moto wa harusi. Mwili ukaanza kupoa. Macho ya Kifungo yakafunguka vizuri. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe, mama yake akampa maji, funda dogo dogo, asiyagugumie. Kilikuwa kile kikombe cha tisa.

Kifungo akanywa, akapumua, akawatazama wote waliomzunguka.

"Nimeendesha mbaaali," alisema. "Petroli ikaisha."

Basi hapo watu walicheka na kulia kwa pamoja, hata usingeweza kujua nani anafanya lipi. Muuguzi alimpeleka zahanati apimwe, hata hivyo. "Joto halina mchezo," alisema. "Mtoto anaweza kuonekana amepona, kumbe ndani bado."

Alasiri walirudi. Kifungo alikuwa mgongoni, anakula ndizi, mzima kabisa. Wazazi wote walikuwa wamesimama bandani, na Sindano alikuwa mbele ya ukuta. Hakungoja aambiwe. Alilamba kiganja chake, akaifuta alama ya saba mpaka ukuta ukabaki na ukungu mweupe tu.

"Nisameheni," alisema. "Makufuli yako wapi?"

Muuguzi alimshusha Kifungo, akamsogelea Sindano mpaka karibu kabisa.

"Nimemuuliza mwanangu kitambaa kiliangukaje," alisema. "Kumbe alikichukua mwenyewe, kama ulivyomfundisha. Alitaka kukifunga mkononi, vidole vikashindwa fundo. Kile kitambaa chini kilikuwa kinasema kweli, Sindano. Kilisema, 'Kifungo katoka.' Wewe ukakinyamazisha."

Machozi yakamdondoka Sindano, ta, ta, kama mabati ya mchana.

"Lakini sikia na hili. Ungesema alikuwepo sasa hivi, tungekimbilia barabarani, tungekimbilia chooni, na mimi leo ningekuwa nazungumza mengine. Ulisema saa. Ulijua utapoteza nini, na ukasema." Muuguzi akageuka kwa wazazi wenzake. "Nilisema kufuli halisahau. Ni kweli, halisahau. Lakini kufuli halipigi rimu. Wangu kesho yuko hapa."

Weee! Lile banda lililipuka. Makofi, vigelegele, Mkurugenzi akamrusha Kifungo juu mpaka ndizi ikaanguka.

"Nyamazeni, sijasema mimi!" Mama Spana akanguruma. "Mtoto huyu kakosa, na kakiri. Sasa mkubwa naye akiri. Niliahidi kufunga magari yote, nikaacha moja wazi. 'Mara moja tu.' Hiyo mara moja ndiyo inayoua watu."

"Na mimi," akasema Mama Sindano taratibu, "nilihesabu vitambaa. Sikuhesabu watoto."

Mama Spana akaweka mkono wake mzito wa oili begani kwa Sindano, na alama ya oili haijatoka kwenye shati lile mpaka leo. "Sikilizeni nyote, wakubwa kwa wadogo. Kosa ni kama oili inayovuja. Ukisema mapema, ni boliti moja tu, tunakaza tunaondoka. Ukipangusa tone chini ukajifanya hujaona, injini yote inakufa. Huyu alipangusa tone. Halafu akapata ushujaa wa kusema, 'Jamani, inavuja.' Fundi wa namba hiyo mimi namtaka kwangu."

Usiku huo huo mpango ukarekebishwa. Mzazi mmoja kila siku atakaa bandani kwa zamu, maana watoto tisa si mzigo wa mtoto mmoja. Mama Sindano alishona mpira kwenye kila kitambaa, kisivaliwe kwa fundo bali kivutwe tu mkononi kama bangili. Na kila saa, pamoja na maji, wanahesabiwa nyuso, siyo vitambaa.

Pazia nalo lilishonwa upya. Palipochanika paliwekwa kiraka chekundu chenye madoa meupe, na Kifungo alikuwa anamwonyesha kila mgeni: "Hii yangu!" Likizo iliisha, ukuta ukiwa na alama za chaki arobaini na moja. Hakuna hata mtoto mmoja aliyefungiwa tena, hakuna aliyegongwa barabarani, hakuna mwingine aliyeugua kwa joto. Na rimu haikugongwa tena, isipokuwa siku ya mwisho, tena kwa ruhusa ya Mama Spana mwenyewe, ambaye aliigonga yeye kwanza na akakataa kuachia chuma.

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Kikombe cha tisa kimejaa juu ya ubao. Alama ya saba inang'aa ukutani. Rafiki yako anakuomba unyamaze, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua kitambaa kile kilitundikwa na nani. Chuma kiko mkononi mwako. Ungefanyaje?